Kuinstoli Linux: draiva za ziada niweke tiki au niache?

Wakuu habari zenu. Nataka kuweka Ubuntu kwenye kompyuta yenye waifai ya Broadcom na kadi ya grafiki ya Nvidia. Kuna mahali inauliza kama niinstoli programu za ziada za grafiki na waifai. Sasa nikiwasha kutoka kwenye fleshi waifai haionekani kabisa na tundu la waya wa mtandao halipo, hizo draiva itazishusha na intaneti gani? Jamaa ananiambia niachane na Ubuntu niende Debian, eti siku hizi inakuja na kila kitu. Kweli?

Jibu 1
Weka tiki mkuu. Intaneti chukua kwenye simu ya Android, chomeka kwa waya wa USB halafu washa USB tethering, Linux itaiona kama kadi ya mtandao wa waya tu, haitaki draiva ya waifai wala nini. Fanya hivyo KABLA hujaanza kuinstoli. Halafu piga amri hii kwenye terminal, utupie hapa majibu yake tujue ni Broadcom ipi, maana ziko za kila aina:

lspci -nnk | grep -iA3 net

Jibu 2
Jamaa yako kapatia nusu. Debian 12 ya 2023 ndiyo ilianza kuweka fimwea kwenye fleshi rasmi, walipiga kura 2022 wakakubaliana, zamani ulikuwa unatafuta fleshi isiyo rasmi. Lakini hiyo ni fimwea tu, yaani vile vifaili vinavyokaa /lib/firmware ambavyo kerneli (kiini cha Linux) inavipakia kwenye kadi inapoiwasha. Intel na Realtek nyingi zinatosheka na hapo. Draiva ya wl ya Broadcom na ile ya Nvidia ziko non-free (sehemu ya programu zisizo huria), unaziongeza mwenyewe baadaye. Kwa kompyuta yako hukimbii kitu.

Muuliza swali
Asanteni, tethering imekubali fasta. Namba ya kadi imeleta 14e4:43a0, na mstari wa "Kernel driver in use" haupo kabisa

Jibu 1
Hiyo BCM4360, b43 (draiva huria ya Broadcom) haiiwezi usijisumbue nayo. Inataka wl, kwa Ubuntu pakeji ni bcmwl-kernel-source.

Jibu 3
Naongezea maana hapa ndipo watu wengi wanakwama, kama Secure Boot (ulinzi unaokubali programu zenye saini tu kompyuta ikiwaka) iko on, ukiinstoli draiva itakuomba utunge paswedi, ikiwaka upya inakuja skrini ya bluu, chagua Enroll MOK (kusajili ufunguo wako wa saini) uweke ile ile paswedi. Skrini yenyewe haisubiri, ukienda kuchota maji imeshapita, na kompyuta itawaka vizuri tu ila kerneli inaikataa draiva kwa sababu haina saini inayotambulika, utabaki unalaumu waifai bure. Ikikupita usianze upya, piga hii, tunga paswedi nyingine, zima uwashe:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Muuliza swali
Kumbe! Nilishaiona hiyo ya bluu kwenye mashine nyingine nikabonyeza Continue boot