Vita vikimwita mwanao kwa jina, bado utavishangilia?

MamaKoku wa Muleba

Wana jamvi habari zenu. Wakubwa shikamooni.

Naomba mnisaidie kufikiri, maana mume wangu ameshachoka kunisikiliza. Niko Houston, Texas, huu mwaka wa kumi na moja, nahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, zamu ya usiku. Mwanangu wa kwanza katimiza miaka 18 mwezi uliopita. Hapa mtoto wa kiume akifika umri huo anatakiwa kujiandikisha Selective Service, lile daftari la vijana ambao serikali inaweza kuwaita jeshini siku ikiamua. Wageni wenye kibali cha kuishi wamo, hata wasio na makaratasi wamo. Wa kike hawahusiki. Tangu 1973 hakuna aliyeitwa kwa lazima, ila jina linakaa humo mpaka mtu afikishe 26.

Kijana alijaza kwenye simu huku anakula. Haikufika dakika tano. Akaomba mboga nyingine. Mimi ndiye niliyebaki nimeshika mwiko.

Sasa kazini kwenye chumba cha mapumziko televisheni haizimwi, na habari ni vita tu. Usiku mmoja wenzangu walikuwa wanabishana, mmoja anasema tuwapige tumalize, mwingine anasema bado, tungoje. Nikauliza kwa upole: kati yetu, nani ana ndugu jeshini? Tulikuwa tisa. Aliyeinua mkono ni mama anayedeki korido, ana binti jeshi la majini. Na ndiye peke yake ambaye hakuwa amechangia neno kwenye ule ubishi.

Baadaye nikamweleza mzee mmoja ninayemhudumia. Amezaliwa 1948. Chakula alichokula mchana hakumbuki, lakini namba yake ya bahati nasibu ya kuitwa jeshini ya Desemba 1969 anaitaja kama mtu anayetaja jina la mama yake: 311. Wakati huo alikuwa chuoni, na alikuwa anaandamana kupinga vita vya Vietnam. Usiku ule waliposikiliza tarehe za kuzaliwa zikichomolewa, yake ikatoka mwishoni kabisa, maana yake hataitwa. Akaniambia, "Nililala vizuri sana. Na sikuandamana tena." Aliyasema bila aibu wala kujisifu. Mwenzake wa chumbani alipata namba ya chini, hakulala.

Hilo limeniganda, kwa sababu mimi nimekulia hadithi nyingine. Baba yangu alikuwa mgambo Muleba. Amin alipovamia Kagera Oktoba 1978, baba alikwenda, na nyumbani wanasema babu alimsindikiza hadi barabarani na kifurushi cha senene. Akarudi 1979, mimi nikazaliwa mwaka uliofuata. Sijawahi kusikia mtu wa kijijini kwetu akisema vile vita vilikuwa vibaya, hata waliozika.

Swali langu ndilo hili. Kama majina yangerudi kuitwa kwa lazima, ya watoto wa wote, tajiri na maskini, watu wangepunguza kushangilia vita? Au wangeviunga mkono zaidi kwa kuwa sasa vimekuwa vyao?

Mujibu78

Marahaba mwanangu. Na baba yako kama yupo mpe salamu zangu, kama hayupo Mungu amrehemu.

Nilimaliza kidato cha sita nikaingia JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria. Vita vikanikuta kambini, bado kuruta, kwata yenyewe haijanyooka. Nasema hivi ili mjue siongei ya kusoma.

Kwanza turudi nyuma. Sheria ya kuwalazimisha wasomi kwenda JKT ilipokuja 1966 haikuhusu vita. Hakukuwa na adui wala risasi. Ilikuwa miezi kadhaa kambini, halafu miezi 18 ya kufanya kazi yako kwa asilimia 40 ya mshahara. Kaka yangu mkubwa alikuwa Chuo Kikuu pale Dar. Oktoba mwaka huo waliandamana mamia, na mabango, mpaka kwa Mwalimu. Mwalimu akawasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao wote. Siku hiyohiyo akatangaza kujipunguzia mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kaka alirudi kijijini, na mama hakumsemesha siku tatu. Si kwa sababu ya siasa. Ni kwa sababu ya ada.

Kwa hiyo lazima peke yake, bila hata vita, ilitosha kuwatoa wasomi barabarani.

Sasa njoo 1978. Sheria ileile, kambi zilezile, afande walewale wa matusi. Mwalimu akasimama Novemba akasema uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Kombania yetu walipotafuta watu, waliojitokeza walikuwa wengi kuliko waliotakiwa. Mimi nilibaki kupakia magari, na nililia, kijana wa miaka ishirini nalia kwa kuachwa. Watu wanatoa ng'ombe, wanatoa ndizi, wenye malori wanatoa malori. Hakuna aliyejali nani ni mujibu na nani ni wa kujitolea.

Tofauti ni Kyaka, kule Kagera, mwanangu. Daraja limevunjwa, wenzetu wamechinjwa, adui ameshika ardhi na anasema ni yake. Huyo mzee wako wa Houston, Vietnam ilikuwa mbali na kwao bahari nzima. Hakuna mtu wa Hanoi aliyekuwa anavuna shamba la bibi yake.

Ila niseme na lingine ambalo siku hizi halipendwi kusemwa. Kagera ilikuwa imekombolewa kabla Kampala haijaanguka Aprili 1979. Baada ya hapo, kwenye foleni za sukari na sabuni, nilisikia manung'uniko. Tuliambiwa tufunge mkanda miezi 18. Ile miezi 18 sijui kama imekwisha. Lakini nani angepima manung'uniko yale? Chama kilikuwa kimoja, na kwenye foleni huwezi kujua aliye nyuma yako ni nani.

Kariokor_Finest

Mzee amesema kitu hapo mwisho. Huku Nairobi tuna mtaa unaitwa Kariokor, na Dar wako na Kariakoo, na majina yote yametoka kwa Carrier Corps ya Vita vya Kwanza. Wazee wetu walibebeshwa mizigo kwa lazima, wakafa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na malaria hata risasi hawakuiona. Hakuna mtu London aliuliza kama wanaunga mkono vita. Walichofanya ni kutorokea msituni machifu wakija kuchukua watu. So kabla ya kuuliza kama kuandikishwa kunabadilisha maoni, uliza kwanza hayo maoni yanahesabiwa na nani.

Baridi_ya_Voronezh

Nilikuwa nasoma Urusi Septemba 2022. Tarehe 21 asubuhi Putin akatangaza kuita watu 300,000 wa akiba. Kabla ya siku hiyo, vita ya Ukraine ilikuwa kitu cha kwenye televisheni, kama alivyosema Mama Koku. Mwenye nyumba niliyopanga alikuwa na ile herufi Z, alama ya kuunga mkono vita, nyuma ya gari.

Jioni ya siku hiyo tiketi za ndege kwenda Istanbul na Yerevan hazipatikani. Foleni ya magari mpakani mwa Georgia ilikuwa ya kilomita na kilomita, watu wanavuka kwa baiskeli. Mwenye nyumba alikuwa na mtoto wa miaka 27. Hakubandua ile Z. Ila usiku nilisikia wanapakia gari, na asubuhi mtoto hakuwepo, tukaambiwa kaenda kumsaidia shangazi Kazakhstan. Shangazi huyo sikuwahi kumsikia kabla.

Sasa hapo ndipo ninapotaka mnielewe. Kura za maoni zilizotolewa baadaye zilionyesha waliokuwa wanaunga mkono wamepungua kidogo tu. Ukimpigia baba yule simu ukamuuliza, angekujibu anaunga mkono, na hakuwa anadanganya. Anaunga mkono vita, haungi mkono mwanawe kwenda. Vitu viwili tofauti, na kuandikishwa kunagusa hicho cha pili haraka, cha kwanza taratibu mno.

Mkutubi Mstaafu

Dada MamaKoku, nimefurahi umemtaja yule mzee, kwa sababu kisa chake ndicho watafiti walikuja kukiona baada ya miaka mingi.

Watu hudhani Wamarekani waliichukia Vietnam kwa sababu ya kuitwa jeshini. Tarehe hazikubali hivyo. Kuitwa kulikuwapo tangu kabla ya Vietnam, hata mwimbaji Elvis Presley aliitwa, 1958 akaenda, akanyolewa, kamera zinapiga. Shirika la Gallup lilipouliza Agosti 1965 kama kupeleka askari ni kosa, asilimia 24 tu walisema ndiyo. Vijana wanaitwa kila mwezi, na nchi iko nyuma ya serikali. Tena kura za miaka hiyo zilionyesha vijana wa chini ya miaka 30 wanaviunga mkono vita kuliko wazee wao! Mwaka 1971 waliosema ni kosa walifika asilimia 61. Katikati hapo kilichoongezeka ni majeneza.

Na si kila kijana aliitwa. Aliyekuwa chuoni aliahirishiwa. Kwa hiyo mwenye karo alikaa darasani, fundi bomba akaenda. Desemba 1, 1969 ndipo wakaleta bahati nasibu kwa waliozaliwa 1944 hadi 1950: vidonge 366 vya plastiki vya rangi ya buluu ndani ya chombo kikubwa cha kioo, kila kimoja na tarehe. Ya kwanza kuchomolewa ilikuwa Septemba 14. Mwaka uliofuata waliita hadi namba 195. Hii ndiyo ikawapa watafiti kitu ambacho hakipatikani kirahisi, yaani vijana wa umri mmoja, wanaotofautiana kwa bahati tu. Waliopata namba za chini walivipinga vita kuliko wenye namba za juu, na alama yake ilionekana kwenye siasa zao hata walipokuwa watu wazima. Mzee wako ni mmoja wa wale wa upande wa pili.

Nixon alilielewa hili kuliko profesa yeyote. Aliahidi kwenye kampeni ya 1968 kufuta kuitwa kwa lazima, na 1973 kukafutwa. Afghanistan imechukua miaka 20, kuanzia 2001 hadi 2021, wamekufa Wamarekani zaidi ya 2,400, na nina hakika kwenye chumba chenu cha mapumziko ilikuwa inapita chini ya skrini kama matokeo ya mpira.

Kulikuwa na mbunge wa Harlem, Charles Rangel, aliyepigana Korea. Kabla ya vita vya Iraq alipeleka muswada wa kurudisha kuitwa jeshini, makusudi kabisa, akisema viongozi wangesita kama watoto wao wangekuwa kwenye foleni. Oktoba 2004 ukapigiwa kura: 402 wakakataa, 2 wakakubali. Rangel mwenyewe alikuwa kwenye wale 402. Mimi hucheka kila nikikumbuka.

Lakini nisikupe matumaini ya bure. Mji huohuo unaoishi, Aprili 28, 1967, Muhammad Ali aliitwa jina akakataa kupiga hatua mbele. Alivuliwa ubingwa, akahukumiwa miaka mitano, na Wamarekani wengi wakati ule walimwona msaliti. Mahakama ya Juu ya Marekani ilimfutia 1971, wakati hewa imeshageuka. Kwa hiyo ndiyo, kuandikisha watoto wa wote kungepunguza shangwe, naamini hivyo. Ila hupunguza polepole, na wanaotangulia kwenda hulipa kabla watu hawajabadilika.

MamaKoku wa Muleba

Asanteni wote. Mzee Mujibu78, baba yupo, ana miaka 74, nimempigia. Nilimuuliza kama angekwenda angekuwa ameitwa kwa barua badala ya kengele ya kijiji. Akasema barua ingechelewa, Amin angefika kwanza.

Nikamuuliza tena, na huyu mjukuu wako wakimwita huku? Akanyamaza, nikadhani mtandao umekata. Halafu akasema, "Kupigana na nani?" Ndivyo alivyojibu, kisha akaniulizia bei ya mchele Houston.

Baridi, yule shangazi wa Kazakhstan amenichekesha halafu amenitoa machozi, kwa sababu nimeshaanza kuhesabu nina mashangazi wangapi. Mdogo wake huyu kijana ana miaka 14.

Mkutubi, jana usiku nilimsomea mzee wangu uliyoandika, nikimgeuzia kwa Kiingereza changu hiki cha kuokoteza. Alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Nikamuuliza yule mwenzake wa chumbani alipata namba ngapi. Akafikiri sana. Yake anaijua, 311. Ya mwenzake imempotea, na jina la ukoo nalo limempotea, anakumbuka tu kwamba alikuwa anapiga gitaa vibaya. Alikaa anaangalia dari kwa muda, kisha akaniomba maji.