Bata mzinga: kuwaachia wazurure, kuwachunga, au uzio wa kuhamisha?

Mgeta_Chini: Wakuu, habari za jioni. Nina bata mzinga 14, madume mawili na majike 12, umri miezi mitano. Eneo ni ekari moja na nusu, nusu yake ukoka na magugu, kwingine michungwa. Pumba imepanda bei, mashudu ndiyo usiseme. Nataka wajitafutie, ila jirani wa chini ana mchicha na mahindi. Nawaza njia tatu: nifungue banda asubuhi wazurure, kijana awachunge saa chache, au ninunue wavu wa kuzungushia na kuhamisha. Nani kajaribu zaidi ya moja?

Mama Tausi: Nilianza na hiyo ya kwanza. Mwanangu, bata mzinga si kuku. Kuku anaparua hapohapo jikoni, hawa ni watembezi. Wanakwenda kundi zima, vichwa chini, anadonoa huku anasogea, ukija kushtuka wako shamba la tatu. Asubuhi wanakula kwa bidii, jua likiwaka wanajilaza kivulini na kuoga vumbi, kwenye saa kumi wanaanza upya. Chakula cha dukani kilipungua kweli. Lakini nililipa matuta matatu ya mchicha wa watu, na majike wawili walitagia kichakani, mayai nikayakuta yameshaoza.

Kipara_Njombe: Kabla hujachagua njia, jua kwanza wanakula nini huko nje. Nilichinja dume lililoshinda malishoni, nikalipasua gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo, kwa udadisi tu. Limejaa kama ngumi. Ukoka uliokatwa vipande vifupi vya urefu wa kucha, maua ya mashona nguo, mbegu za nyasi, panzi kama saba (wawili bado wana miguu) na mbawakawa mmoja. Kwenye firigisi, changarawe. Ukiangalia wingi, majani ndiyo mengi. Ila nyama inajengwa na wale panzi. Kiangazi panzi wakiadimika, nyasi zikawa kamba, ndege anarudi na gole limejaa huku kifua kinazidi kuchongoka. Na majani marefu makavu yanaweza kujisokota yakaziba gole. Kwa hiyo njia yoyote utakayochukua, jioni lazima kuwe na chakula chenye protini. Malisho yanapunguza gharama, hayaifuti.

Mgeta_Chini: Hapo kwenye "hayaifuti" umenivunja moyo mkuu 😅

Kipara_Njombe: Bora nikuvunje mimi kuliko mizani siku ya kuuza.

Nakuru_Kienyeji: Mimi natumia wavu wa kuhamisha. Uzuri wake, ndege wanakula nyasi zikiwa bado changa, kinyesi kinasambaa shamba lote, na hawakai muda mrefu juu ya uchafu wao. Mimi nahamisha nikiona nyasi zimefika usawa wa kifundo cha mguu, sihesabu siku. Ubaya: wavu ni ghali, na jike mwepesi anauruka bila hata kukimbia. Kata manyoya marefu ya bawa MOJA, akose mizani. Akibadili manyoya utakata tena. Halafu swali: una kuku?

Mgeta_Chini: Ninao, kama 30, wanashinda palepale.

Nakuru_Kienyeji: Basi hapo ndipo pa kuanzia, wavu baadaye. Kuku hubeba mnyoo mdogo wa utumbo, na ndani ya mayai ya mnyoo huyo mnakaa kimelea cha ugonjwa wa kichwa cheusi. Kuku mara nyingi haoneshi dalili. Mayai yanakaa ardhini muda mrefu sana, hata nyungunyungu anayabeba. Bata mzinga akidonoa hapo, ini linaharibika, kinyesi kinakuwa njano kama salfa, anasinzia, anakufa.

Mama Tausi: Mbona mimi nimechanganya miaka minne na sijaona hiyo njano?

Nakuru_Kienyeji: Mama, huenda kuku wako hawana huo mnyoo. Siku ukileta kuku wa mnadani, usiwachanganye.

Mama Tausi: Haya, hilo nimelichukua. Nami niongeze: vifaranga wasitoke na umande. Wakilowa tu, baridi inawamaliza. Wangu wanasubiri majani yakauke, hata ikifika saa nne.

Bonde_la_Ufa: Chunga. Kijana, debe na mahindi kidogo. Dume akizoea sauti ya debe, wote wanamfuata.

Mgeta_Chini: Wakuu, wiki tatu baadaye. Wavu sikununua, hela imekwenda kwenye kuwajengea kuku banda upande wa juu. Bata mzinga nimewapa upande wa michungwa ambako kuku hawajawahi kufika. Kijana anawatoa saa mbili na nusu hadi saa tano, tena saa kumi hadi jua linazama, halafu mashudu na dagaa bandani. Mchicha wa jirani uko salama. Debe linafanya kazi kwa 13. Dume moja likisikia debe linaitikia kwa sauti kubwa kabisa, kisha linapanda juu ya mchungwa kulala. Bawa nimeshakata. Linapanda tawi kwa tawi kama ngazi.

Mama Tausi: Hilo kata matawi ya chini, mwanangu.