Mradi "umefikia asilimia 98": tuendelee kuridhika na namba hii?

Wadau, naomba tulijadili hili. Jiwe la msingi la SGR, reli yetu mpya ya kisasa ya Tanzania, kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro, liliwekwa Aprili 2017, mkataba ukiwa wa miezi 30. Maana yake mwishoni mwa 2019 tungekuwa tunapanda treni. Abiria wa kwanza walisafiri Juni 14, 2024.

Katikati hapo tulilishwa asilimia za ujenzi uliokamilika. Ilipofika tisini na kitu tukashangilia, halafu miaka ikapita tukiwa palepale.

Mimi naona namba hiyo iondolewe kwenye taarifa za miradi. Tuta, madaraja na mataruma ndivyo vinavyokula fedha nyingi, vikikamilika asilimia inapaa. Lakini treni ya umeme haiendi bila nyaya, vituo vya kupoza umeme, mifumo ya ishara na majaribio. Na vichwa vyenyewe havikuwa hata kwenye mkataba wa ujenzi! Mkataba wa kununua vichwa 17 vya umeme na seti 10 za treni za kisasa kutoka Hyundai Rotem ulisainiwa 2021, wakati reli ilitakiwa iwe imekwisha tangu 2019. Hata mkandarasi angemaliza kwa wakati, tungepanda nini?

Najua kuna watakaosema miradi mikubwa huchelewa kote duniani. Ni kweli. Uwanja wa ndege wa Brandenburg, Berlin, uliahirishwa Mei 2012 zikiwa zimebaki chini ya wiki nne ufunguliwe, kisa kikubwa mfumo wa kuondoa moshi wakati wa moto. Ukafunguliwa Oktoba 2020. Jengo lilikuwa limesimama, ila kilichobaki ndicho kilichokuwa kigumu. Wajerumani kuchelewa hakutupunguzii sisi riba ya mkopo, inayoendelea kuhesabiwa treni ikitembea au isitembee.

Ninachotaka ni taarifa ya kila robo mwaka iseme kazi gani zimebaki, nani anazifanya, mikataba ipi bado haijasainiwa, na nyongeza ya muda imetolewa mara ngapi na kwa sababu gani. Bungeni na kwa umma pia.

Wahandisi na wakadiriaji majenzi mliomo humu, kuna siri gani ya kibiashara inayozuia hayo kutangazwa? Na ninyi mnaoitetea asilimia, inamsaidia nani?