Naombeni ushauri: kuna mtu anataka kuombea tenda ya asilimia 30 kwa jina la kikundi chetu

Wakuu habari zenu. Sisi ni kikundi cha akina mama Mbagala, tunashona yunifomu na mashuka, tumesajiliwa manispaa na tumeshaingia NeST (mfumo wa serikali wa kuombea tenda mtandaoni) kama kundi maalumu, maana sheria inataka asilimia 30 ya manunuzi ya umma itengwe kwa wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Sasa kuna tenda ya mashuka ya hospitali, akaja mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo anasema tumpe paswedi aombe kwa jina letu, mashuka analeta yeye yakiwa yameshashonwa, sisi tunakatiwa asilimia 5 bila kugusa sindano. Mwenyekiti ameshakubali, anasema hela ya majora yote hayo tutaitoa wapi na serikali inalipa baada ya mzigo kufika, tena kwa kuchelewa. Mimi ni katibu, saini yangu inahitajika na roho inakataa kabisa. Cherehani tunazo, na fundi wetu bora ni mama mwenye ulemavu wa miguu, yeye hiyo asilimia 5 itamfundisha nini? Nifanyeje?

Babu K: Usisaini mwanangu. Mzabuni ni nyie, mzigo ukija mbovu watakaofungiwa na PPRA, wasimamizi wa manunuzi ya umma, ni nyie, na hela ikipita akaunti yenu TRA wanaangalia TIN yenu, yeye hayupo popote. Na hiyo paswedi msimpe mtu hata kwa siku moja.

Fundi wa Tandika: Babu yuko sahihi ila tusiwalaumu wenzake katibu, mtaji ndo unaua vikundi vingi, watu wanashinda tenda alafu wanaanza kuhangaika. Kama huyo kaka ana vitambaa kweli mwambieni awape mali kauli, mshone wenyewe, mkilipwa mnamlipa, na muandikishane kwa mwanasheria. Akikataa basi ujue alikuwa anataka jina tu.

mama_wawili: Shoga na mkopo wa halmashauri je? Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024 na haina riba. Muone afisa maendeleo ya jamii wa kata kesho asubuhi, ila usiitegemee kwa tenda hii maana vikao vyao vinachukua muda. Kwa sasa ombeni kazi ndogo mnayoweza kuibeba, hata yunifomu za walinzi wa ofisi moja tu.

Katibu (mleta uzi): Asanteni sana jamani, mali kauli hatukuiwaza kabisa. Jumamosi tuna kikao nitaliweka mezani. Ila huyo kaka simuamini tena, maduka ya jumla yanakubali kukopesha kikundi kikionyesha LPO, ile hati ya oda kutoka kwa mnunuzi?

Fundi wa Tandika: Wapo wanaokubali ila watataka kianzio. Anzia mtaa wa Uhuru, nenda na mwenyekiti wako asikie mwenyewe bei ya jora.