Tupeane uzoefu: rangi tatu, milia na mabaka ya paka

Mleta mada
Tumwage hapa tunachokijua kuhusu rangi za paka. Naanza na chungwa. Jeni yake (kirithishi cha rangi) imekaa kwenye kromosomu X. Jike ana X mbili, dume ana X moja tu, aliyopewa na mama. Kwa hiyo uchungwa wa dume usiutafute kwa baba. Mama wa chungwa akipandwa na dume mweusi, madume wote watatoka chungwa, majike wote mchanganyiko wa nyeusi na chungwa. Mama mweusi kwa baba wa chungwa: madume weusi, majike mchanganyiko vilevile. Akitokea jike mweusi mtupu hapo, basi kuna baba mwingine. Paka akiwa kwenye joto hupandwa na madume kadhaa, na uzao mmoja ukawa na baba wawili.

Jirani wa Paka
Ongeza hili: mchanganyiko usio na weupe huvurugika kama gamba la ng'amba. Weupe ukiingia, rangi hujitenga zikawa mabaka makubwa, ndiyo rangi tatu. Kila seli ya jike huzima X moja kwa bahati nasibu akiwa bado tumboni, hivyo mabaka hayanakiliki. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Texas A&M kilimzalisha CC, paka nakala (klone), kutokana na seli ya Rainbow, paka wa rangi tatu. CC akatoka bila chungwa hata chembe.

Mzee wa Shume
Dume wa rangi tatu yupo, ila ni kama 1 kati ya 3,000. Wengi wana XXY (X mbili na Y moja) na hawazalishi, kwa hiyo ukiuziwa "dume wa mbegu" wa rangi tatu, mkague paka huyo kwanza chini ya mkia. Kwenye wiki ya nane, dume ana nafasi ya zaidi ya sentimeta 1 kati ya matundu mawili, na vikorodani vinapapasika. Jike matundu yamekaribiana, la chini ni mchirizi wa wima.

Bi Milia
Chungwa bila milia hakuna. Jeni inayoficha milia hufanya kazi kwenye weusi tu, ndiyo maana hata paka wa chungwa anayeonekana mtupu ukimsogeza juani utaona herufi M usoni. Mtoto mweusi naye huwa na milia hafifu, ikafutika akikua.
Tukija kwetu, khadzonzo, yaani paka wa Sokoke, wa msitu wa Arabuko-Sokoke pwani ya Kenya, ana mabaka ya mviringo, lakini ukipanua manyoya utakuta kila unywele una pete za rangi mbili. Ndiyo maana anafanana na gome la mti.

Mleta mada
Na mweusi anayegeuka kahawia?

Jirani wa Paka
Panua manyoya hadi shinani. Shina jeusi, ncha kahawia: ni jua limeyachoma. Kahawia tangu shinani: tazama chakula kwanza. Ugali na mchuzi havimpi tairosini (kijenzi cha protini) ya kutosha kutengeneza weusi. Mpe samaki au nyama kila siku, kisha subiri manyoya mapya, maana yaliyokwisha ota hayabadiliki.