Ulinganisho wa njia: Tunduma hadi Bagamoyo, kipande cha mwisho cha mbio za kuzunguka dunia

Mratibu_Bagamoyo

Wanajukwaa, salaam. Dada yetu aliyeondoka kwa miguu ufukweni mwa Bagamoyo, chini ya Ngome Kongwe, sasa yuko Zambia, na tunatarajia avuke mpaka wa Tunduma mwishoni mwa Mei. Amekwisha kuzivuka Australia, Amerika ya Kaskazini na Ulaya, na Afrika ameiingia kwa upande wa Atlantiki huko Namibia. Akiigusa Bahari ya Hindi mahali pale pale alipoanzia, atakuwa amelimaliza bara la nne na kukamilisha mzunguko wote. Kwa wasiozifahamu kanuni, World Runners Association, chama kinachozitambua mbio za kuzunguka dunia kwa miguu, hudai kilomita zisizopungua 26,232, mabara yasiyopungua manne yanayovukwa pwani hadi pwani, na mwisho ulio mahali pa mwanzo.

Kwa hesabu yetu, akifika Tunduma atakuwa amebakiwa na takriban kilomita 1,100 ili kuitimiza idadi hiyo. Hapo ndipo penye mtihani, kwa sababu njia fupi kuliko zote, ile ya Mbeya, Iringa, Mikumi, Morogoro, Chalinze na Msata, ina takriban kilomita 930 tu. Njia ya pili inaiacha barabara kuu pale Mikumi mjini, inapita Kilosa na kutokea Dumila, nayo inazidi kidogo kilomita 1,000. Ya tatu inageuka kaskazini pale Iringa, inapita Mtera hadi Dodoma, kisha inateremka kwa Gairo na Dumila mpaka Morogoro, jumla takriban kilomita 1,145.

Naomba kila mwenye kuijua sehemu yoyote ya njia hizi aseme anachokijua. Sitaki tuchague kwa kutazama ramani peke yake.

Dereva_wa_Nyanda

Mratibu, nimeendesha lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa miaka mingi, kwa hiyo nitaisemea barabara kuu. Kutoka Tunduma hadi Iringa hakuna njia mbadala ya maana, na huko dada atakutana na malori ya Zambia na Kongo usiku na mchana. Bega la barabara ni jembamba katika sehemu nyingi, na penye matuta madereva wengine hupenda kuyakwepa kwa kupitisha tairi pembeni, mahali pale pale anapokimbilia mtu wa miguu.

Kuna jambo moja ambalo asiyeendesha hawezi kulifikiria kwa urahisi. Akikimbia asubuhi kuelekea mashariki, upande wa kulia kama inavyotakiwa, magari yanayomjia mbele yana jua mgongoni, hivyo yatamwona vizuri. Hatari ni yale yanayotoka nyuma yake: dereva anayeelekea mashariki saa moja na nusu asubuhi ana jua la machoni, na akitaka kulipita gari jingine atahamia upande ule ule alipo mkimbiaji, naye hamwoni. Kwa hiyo kioo kidogo cha kutazamia nyuma kwenye kile kigari chake cha kusukuma, pamoja na kizibao cha kuakisi mwanga mgongoni, si mapambo. Hili ni sababu moja ya kuipenda njia ya Dodoma, kwa kuwa kutoka Iringa atakuwa anaelekea kaskazini na jua litakuwa ubavuni kwa wote.

Kuhusu mteremko wa Kitonga, kati ya Iringa na Mikumi, ninyi nyote mnaujua. Kona ni kali, upande mmoja ni mwamba na wa pili ni bonde, na lori lililopoteza breki halina pa kukimbilia. Mtu anaweza kuteremka pale kwa miguu ikiwa kuna gari la kusindikiza mbele na nyuma, na ikiwa trafiki wamearifiwa. Bila hayo nisingemshauri hata ndugu yangu.

Mwalimu_Kilosa

Namuunga mkono kaka Dereva, ila niongeze kwamba kikwazo kikubwa cha njia ya kwanza hakipo Kitonga, kipo mbele yake. Barabara kuu inakatiza ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na humo tembo, nyati na simba huvuka lami wakati wowote. Mtu hawezi kuingia hifadhini kwa miguu kwa hiari yake, na hata tukipata kibali na askari wa hifadhi wenye silaha, kilomita 50 ni mbio zake za siku nzima, tena mahali asipoweza kusimama chini ya mti kupumzika. Akipandishwa gari kukipita kipande hicho, mstari wa miguu yake kutoka Atlantiki utakuwa umekatika, na sidhani kama kuna mtu hapa anayetaka dada aliyevuka mabara matatu akatikiwe nyumbani kwao.

Kwa hiyo njia ya kwanza ningeifuta kabisa. Njia yetu ya Kilosa ipo kwa ajili ya kulizunguka tatizo hilo: kutoka Mikumi mjini unaelekea kaskazini kupitia kijiji cha Ulaya hadi Kilosa, kisha Rudewa hadi Dumila. Vijiji viko karibu karibu, maji ya kunywa yanapatikana, na magari ni machache. Lakini sehemu ya Mikumi hadi Kilosa ina vumbi na mawe, na upande wake wa kusini uko jirani na hifadhi, kwa hiyo asianze kukimbia kabla ya kupambazuka. Mwezi Juni mvua za masika zimekwisha, basi mafuriko ya Mto Mkondoa tusiyahofu.

Upungufu wake ni kwamba hata akipita kwetu atakuwa bado ameilipia Kitonga, na kwa hesabu ya Mratibu atafika Bagamoyo akiwa hajatimiza kilomita.

Mwana_wa_Kinondoni

Upungufu huo unaweza kuzibwa. Akitoka Kilosa, Dumila na Morogoro, pale Chalinze asigeuke kwenda Msata, bali aendelee moja kwa moja hadi Dar es Salaam kwa Mlandizi na Kibaha, halafu apande Bagamoyo kupitia Tegeta, Bunju na Mapinga. Chalinze hadi Dar es Salaam ni kilomita 107 hivi, na kutoka hapa hadi Bagamoyo ni 65 hivi, hivyo anaongeza karibu kilomita 70 juu ya njia ya Msata. Tena watu wa mjini watampokea, na vilabu vya mbio vya hapa vingemsindikiza siku nzima.

Dereva_wa_Nyanda

Ndugu yangu, mapokezi ni mazuri, lakini Chalinze hadi Kibaha ndicho kipande chenye msongamano kuliko vyote nilivyotaja, kwa sababu magari ya kaskazini na ya kusini yanakutana pale. Tungekuwa tumemwepusha dada na tembo wa Mikumi tukamkabidhi kwa mabasi. Na hata hivyo jumla inakaribia 1,090 tu, maana yake bado tunacheza na mpaka wa idadi.

Mpwani_Pangani

Assalaam aleikum. Mimi ni wa Tanga, na naomba pendekezo la nne lisikilizwe kabla ya kukataliwa. Akifika Dodoma, ateremke hadi Dumila, ageuke Turiani na Handeni, atokee Korogwe, aje Tanga mjini ayaone maji ya bahari pale Raskazone, kisha ashuke na pwani kwa Pangani, avuke mto, apite Mkwaja na Saadani hadi Bagamoyo. Hapo angemaliza na bahari ubavuni mwake kwa siku nyingi, badala ya kuiona saa ya mwisho tu. Tanga ina watu wanaozipenda mbio, na nyumba za kumlaza zipo.

Mwalimu_Kilosa

Wa aleikum salaam, kaka. Sioni ubaya wowote katika nia yako, na barabara ya Turiani hadi Handeni ni tulivu kweli. Lakini linganisha: kutoka Dodoma, njia hiyo inamwongezea zaidi ya kilomita 250 juu ya ile ya Morogoro, na mwishoni inamrudisha katika tatizo lile lile tulilolikimbia, kwa sababu Saadani nayo ni hifadhi ya taifa, ina simba na tembo wake, na Mto Wami una mamba na viboko. Hatuwezi kuukataa uwanda wa Mikumi halafu tukamwingiza porini akiwa amechoka zaidi.

Mpwani_Pangani

Nimeelewa, nami naliondoa. Ila watu wa Tanga tutakuja Bagamoyo, na tutakuja na madafu.

Muuguzi_Mstaafu

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu habari zenu. Nimesoma yote, na nina hofu moja: hesabu zote ni za barabara, ilhali mwili wa dada haujahesabiwa.

Mwili uliokimbia kilomita 25,000 hauingii kipande cha mwisho ukiwa kama ulivyoanza. Rosie Swale Pope, Mwingereza aliyeondoka Tenby huko Wales Oktoba 2003 siku aliyotimiza miaka 57, aliizunguka dunia karibu yote, na alipokuwa amekaribia nyumbani mifupa ya miguu ikapata nyufa kwa uchovu. Aliingia Tenby Agosti 2008 akitembea kwa magongo. Hakuangushwa na Siberia wala Alaska. Aliumia karibu na mlango wake. Nyufa za namna hiyo huja kidogo kidogo, na mkimbiaji huzichukulia kuwa maumivu ya kawaida kwa sababu moyo umekwisha kufika nyumbani.

Kwa hiyo nauliza: njia ya Dodoma inaongeza zaidi ya kilomita 200 juu ya ile fupi. Je, tunaziongeza kwa mwendo gani? Ikiwa anakimbia 50 kwa siku, nitashauri ashuke hadi 40 kuanzia Iringa, apumzike siku mbili kamili Dodoma, na aonwe na daktari pale, maana kuna hospitali kubwa. Mteremko nao tuuangalie. Kutoka nyanda za Makambako na Mafinga, zilizo juu ya mita 1,500, hana budi kushuka hadi baharini kwa njia yoyote ile, na kuteremka ndiko kunakoumiza magoti na mapaja kuliko kupanda. Mlima Nyang'oro upande wa Mtera ni mkali, ila magari si mengi, hivyo anaweza kuuteremka kwa kutembea bila kuharakishwa na honi.

Kijana_wa_Takwimu

Kwa heshima, Mama, kupunguza mwendo kuna gharama pia. Kevin Carr wa Uingereza alimaliza mwaka 2015 kwa siku 621, na rekodi aliyoivunja, ya Tom Denniss wa Australia, ilikuwa siku 622. Siku moja tu, baada ya kilomita 26,000. Tukimpa dada yetu siku sita au saba zaidi, tujue tunampa nini na tunamnyang'anya nini.

Muuguzi_Mstaafu

Mwanangu, huo ni mfano wa kweli, lakini unamhusu mtu anayeifukuza rekodi. Rekodi sasa iko kwa Serge Girard wa Ufaransa, siku 433, na dada yetu hayumo katika kinyang'anyiro hicho, kama nilivyoelewa. Yeye anachokihitaji ni kufika akiwa mzima na hesabu yake imetimia. Mratibu anisahihishe ikiwa sivyo.

Mratibu_Bagamoyo

Ndivyo hasa, Mama. Tangu mwanzo alisema hakimbizani na saa ya mtu yeyote.

Mkazi_Kibaigwa

Naomba niseme kuhusu upande wetu, kwa kuwa wengi wameutaja Dodoma kana kwamba ukiisha kufika, shida zimekwisha. Iringa hadi Dodoma ni lami nzuri na magari ni machache, lakini baada ya Migori na bwawa la Mtera vijiji vinaachana, jua ni kali mchana na kivuli ni cha kutafuta. Asitegemee duka la kila kilomita kumi. Gari dogo la maji na chakula limfuate kwa siku zote za kipande hicho. Kutoka Dodoma kwenda Morogoro mambo ni kinyume: chakula kipo kila mahali, lakini mabasi yanakimbia, na mwezi Juni na Julai ni wakati wa mahindi, hivyo malori yanaingia na kutoka katika soko letu la Kibaigwa mfululizo. Aipite Kibaigwa mapema, kabla ya saa mbili asubuhi. Kuanzia hapa hadi Gairo kuna upepo wa vumbi. Kitambaa cha kufunika pua kitamfaa.

Mratibu_Bagamoyo

Nawashukuru. Baada ya kuwasiliana na dada mwenyewe na kumsomea maoni yenu, tumeafikiana kwamba atapita Dodoma. Njia hiyo peke yake inaziepuka Kitonga na Mikumi kwa pamoja, inatimiza kilomita na kubakiza akiba ya takriban 45, na inampa mji mkubwa wa kupumzika katikati. Njia ya Kilosa tunaiweka kama ya akiba: ikiwa kipande cha Mtera kitapata tatizo kabla hajafika Iringa, atapitia Kitonga kwa kusindikizwa, na kilomita zitakazopungua atazitafuta Morogoro kwa kuzunguka mjini siku mbili au tatu zaidi, sio kwenye barabara ya Kibaha.

Kuhusu tarehe, wengi mlitaka aingie Bagamoyo siku ya Saba Saba. Kwa mwendo wa kilomita 40 na siku za mapumziko, inawezekana. Hata hivyo nimekubali ushauri nilioupata faraghani kutoka kwa Mama Muuguzi kwamba tusimtangazie mtu tarehe yoyote hadi avuke Dumila salama, ili asije akakimbia na mguu unaouma kwa sababu watu wameshakodi viti na turubai. Kutoka Dumila zitakuwa zimebaki kilomita 250 na ushei, wiki moja hivi, na muda huo unatosha kujiandaa.

Kilomita 64 za Msata hadi Bagamoyo tutazigawa. Atalala Kiwangwa, siku inayofuata atakimbia na kusimama Makurunge, na asubuhi ya mwisho ibaki safari fupi ili afike ufukweni kabla ya saa tatu, jua likiwa bado halijawa kali. Wanaotaka kukimbia naye waungane naye Makurunge, wakae nyuma yake, na wasimzidi mwendo. Mji huu umepokea watu wengi waliotoka bara kwa miguu, wakiwamo Chuma na Susi waliouleta hapa mwili wa Livingstone mwaka 1874 kutoka nchi hiyo hiyo ya Zambia anayoipita dada yetu sasa, na ningependa tumpokee kwa utaratibu, si kwa kumsonga.

Ninachohitaji kutoka kwenu wiki hii ni watu wawili wenye gari la kuaminika watakaomfuata kutoka Iringa hadi Dodoma, na mwenyeji mmoja Migori. Dereva, tafadhali niandikie majina ya vituo vya trafiki kati ya Tunduma na Iringa ili niwapelekee barua mapema.