Naombeni msaada: Arduino Uno na SIM800L, AT inajibu vizuri ila nikituma SMS moduli inajizima

bruda_moro
Habari za muda huu wakuu. Mi nafuga kuku hapa Morogoro, sasa umeme ukikatika usiku taa za bruda (sehemu ya kulelea vifaranga) zinazima, vifaranga wanajirundika kona moja wanakandamizana mpaka wanakufa, kwa hiyo nataka nitengeneze kamtambo kanitumie meseji joto likishuka chini ya 30. Nina Arduino Uno (ubao wa kuprogramu), sensa ya joto ya DHT22 na SIM800L, moduli ya kutuma SMS kwa laini ya simu, ile nyekundu ndogo yenye antena ya springi. TX ya moduli (ya kutuma data) nimeipeleka pini 10 ya Uno, RX (ya kupokea) pini 11, natumia SoftwareSerial, laibrari ya kufanya pini za kawaida zipitishe data, kwa spidi ya 9600. Moto (umeme wa moduli) nautoa kwenye 5V ya Uno, nimeupitisha kwenye dayodi ya 1N4007 maana 5V kavu ni nyingi kwa hii moduli. Uno yenyewe imechomekwa USB ya laptop.

Nikiandika AT, amri ya kuijaribu moduli, inarudisha OK safi kabisa. AT+CSQ (nguvu ya mtandao) inanipa 17, AT+CREG? inanipa 0,1, maana yake mtandao umekamata, na taa inawaka mara moja kila sekunde tatu. Kasheshe ni kwenye AT+CMGS, amri ya kutuma SMS. Ile alama ya > inatokea, programu inatuma maneno na char 26 ya kufungia, hapohapo zinamwagika herufi za ajabu, taa inarudi kuwaka harakaharaka, baada ya muda naona Call Ready halafu SMS Ready. Meseji haifiki. Laini ina salio na nikiiweka kwenye simu inatuma fresh. Je moduli ni mbovu nirudi Kariakoo nikachukue nyingine?

waya_mwekundu
Mkuu usipoteze nauli, moduli nzima hiyo. Call Ready ikitokea katikati ya kazi ujue imejizima na kujiwasha upya. Shida ni moto mdogo. SIM800L ikiwa inarusha inavuta mpaka ampea 2 kwa vipande vifupi sana vya muda, USB ya laptop ni nusu ampea, na Uno ina fyuzi yake ya nusu ampea kwenye njia hiyohiyo. Ukiandika AT haivuti kitu cha maana ndo mana inajibu vizuri, AT inakuambia waya za data ziko sawa basi, habari za moto haikuambii.

Na usijidanganye na multimita. Utapima utaona 4.2 utasema mbona iko poa, wakati volti inaporomoka kwa chini ya milisekunde moja halafu inarudi, multimita inasoma wastani tu. Ikishuka chini ya 3.4 moduli inakata.

Jicho la Fundi
+1 kwa hapo juu. Chukua LM2596, kaubao ka kushusha volti, ile ya kuzungusha skrubu, ilishe na adapta ya 9V au 12V, izungushe mpaka 4.0 au 4.1 KABLA hujaunganisha moduli, zile zinakuja zikiwa na volti yoyote tu, ukiunganisha bila kupima utakuja kufungua uzi mwingine hapa wa rambirambi. Mwisho kabisa ni 4.4. Graundi ya LM2596, ya Uno na ya moduli zote zikutane.

nyundo255
chukua tu chaji ya simu ya ampea 2 na dayodi yako mzee mbona mi inafanya kazi

Jicho la Fundi
@nyundo255 kwako inafanya kazi pengine upo karibu na mnara. Moduli inarusha kwa nguvu kulingana na mnara ulivyo mbali, ukiwa chini ya mnara inavuta kidogo, mwenzako yuko na CSQ ya 17 huko bandani. Na kama mtu anataka kulisha LM2596 kwa hiyo chaji ya 5V asijisumbue, inataka pengo la kama volti moja na nusu kati ya kuingia na kutoka, utapata moto uleule mdogo.

waya_mwekundu
Kitu kingine, waya za jampa zile za rangi rangi ni nyembamba mno, ukizipitisha kwenye bredibodi ampea 2 inafia njiani hata kama adapta ni nzuri. Kata waya nene mfupi uchomelee moja kwa moja kwenye VCC na GND za moduli, halafu weka kapasita ya 1000 mikrofaradi pale pale kwenye pini, sio mwisho wa waya.

Na hiyo RX umeipeleka 5V kavu kutoka pini 11? Data ya moduli ni 2.8V. Weka rezista mbili za 10k ugawanye, inakuwa 2.5V, inatosha. Watu wengi wanaweka 10k na 20k inatoka 3.3, inafanya kazi lakini datashiti inaishia 3.1.

bruda_moro
Wakuu Mungu awabariki. Nimepata LM2596 nikaiweka 4.1 na adapta ya 12V, kapasita na rezista nimechomelea. SMS inatoka sasa, haijizimi tena, taa imetulia kwenye sekunde tatu tatu.

Ila kuna kitu kinanichanganya bado. Programu yangu inasubiri ione +CMGS na OK ndo iamini meseji imeenda, isipoona inatuma tena. Sasa mara nyingine napokea meseji ileile mara mbili mara tatu, nikiangalia seriali monita (dirisha la kuonyesha data kwenye laptop) jibu linakuja limekatika, naona +CM halafu takataka kidogo halafu K peke yake. Moto nimeuangalia, SMS Ready haitokei tena katikati kwa hiyo haijiwashi upya. DHT22 naisoma kila sekunde 2 kwenye loop. Baudi (spidi ya data) ni 9600 pande zote.

nyundo255
nunua Arduino Mega ina seriali nne za kweli achana na SoftwareSerial

kondakta_wa_shaba
Subiri kwanza usitoe hela. Soma mwenyewe alichoandika, "DHT22 naisoma kila sekunde 2". Jibu liko hapo.

DHT22 inatoa biti 40 na inazitofautisha sifuri na moja kwa urefu wa pigo, mikrosekunde 26 hivi au 70, kwa hiyo laibrari yake inazima intaraputi zote (ishara za kuikatiza chipu ishughulikie kitu kingine) ili isikosee kupima. Usomaji mzima unachukua kama milisekunde 4 au 5. SoftwareSerial nayo inaishi kwa intaraputi, biti ya mwanzo ikigonga pini 10 ndo inaamka kuanza kuhesabu. Sasa kwa 9600 herufi moja inachukua milisekunde 1 na kidogo, piga hesabu: kila ukisoma joto unaweza kupoteza herufi tano hivi za kitu chochote kinachoingia muda huo. +CMGS ikitua hapo hapo inakatika, programu inadhani imeshindwa, inatuma tena. Wewe unapata meseji tatu, salio linaliwa.

Na Mega haikuokoi hapo @nyundo255. Seriali ya chuma (iliyo ndani ya chipu) ya Mega bila intaraputi inashika herufi mbili, ya tatu ikiwa bado inaingia, zikizidi zinapotea. Milisekunde 5 ni nyingi hata kwa yenyewe.

Dawa ni ya bure: ukishatuma AT+CMGS usiguse DHT kabisa mpaka upate OK au ERROR, au sekunde 60 ziishe. Joto la banda halibadiliki ndani ya dakika moja. Tena kusoma kila sekunde 2 ni kwa nini, soma kila sekunde 30.

Jicho la Fundi
Hapo umeua mkuu, mi nilikuwa najiandaa kusema ni 2.8V ya TX, kwa sababu Uno kwenye karatasi inataka volti 3 ndo iihesabu kuwa moja. Kwa vitendo huwa inasoma tu.

kondakta_wa_shaba
Ni kweli iko ukingoni, ila ingekuwa hiyo angeona takataka muda wote hata kwenye AT tupu. Ongeza pia AT+IPR=9600 halafu AT&W ili isiwe inabahatisha baudi kila ikiwaka.

bruda_moro
Nimeitoa DHT kwenye kusubiri, kimya kabisa, majibu yanakuja mazima. Nimeishikilia sensa na barafu usiku huu makusudi ishuke chini ya 30, meseji imekuja moja tu. Asante sana wakuu.

waya_mwekundu
Swali la kizushi: umeme ukikatika hiyo adapta ya 12V nayo si inazima? Mtambo utakutumiaje meseji 😂

bruda_moro
😂😂 hilo nalo neno

waya_mwekundu
Weka betri ya 18650 upande wa moduli moja kwa moja bila LM2596, ikiwa imejaa ni 4.2 na ikiwa inaelekea kuisha ni kama 3.5, inaingia ndani ya kiwango chake vizuri. Ichaji kwa ubao wa kuchajia wa TP4056 wenye ulinzi. Uno ilishe kutoka hiyohiyo betri kwa kaubao ka kupandisha volti mpaka 5V.

panya_wa_gereji
samahani kuingilia uzi wa watu, mi nina moduli ya bluetooth ya HC-05 nikiandika AT haijibu chochote ila bluetooth inaonekana kwenye simu vizuri, nipo 9600

kondakta_wa_shaba
Hiyo iko kwenye hali ya data sio ya AT. Zima moto, shikilia kale kakitufe, washa ukiwa umekashikilia, taa iwake taratibu kila sekunde 2. Halafu seriali monita weka 38400 na chagua NL na CR zote mbili. Ukikwama fungua uzi wako tutakuja, huu tumwachie mwenye kuku.